Picha ya Baba Madalo

Chati aliyopewa Dorika Nyasulu kufundishia akina mama usafi ilikuwa na mchoro wa mwanamke akinawa mikono kwenye sinki, maji yanatoka bombani, nyuma yake jokofu. Katika vijiji kumi na moja alivyovihudumia hapakuwa na sinki hata moja. Akina mama walimuuliza, kwa heshima kabisa, huyo dada ni wa wapi na mumewe anafanya kazi gani. Somo la kunawa mikono likawa linaishia kwenye mazungumzo ya jokofu.

Ndipo alipoanza kupiga picha. Kamera aliachiwa na daktari mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake pale zahanati ya Chisoti, kuukuu, mlango wa betri umeshikizwa kwa plasta ya vidonda. Picha ya kwanza ilikuwa ya binti wa jirani yake akinawa kwa kibuyu chirizi, kile kidumu cha kuning'iniza ambacho unakanyaga kamba yake kikakumwagia maji. Akaibandika juu ya yule mwanamke wa sinki. Wiki ile vijiji viwili vilitengeneza vibuyu chirizi ishirini na tatu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha gari la zahanati. Ni mtu wa Kyela. Nilivuka mto Songwe wa mpakani kutafuta kazi, nikaoa upande huu, nikabaki. Jina langu Ambakisye waliliona refu wakalikata likawa Amba. Mke wangu naye ni wa ukoo wa Nyasulu, kwa hiyo Dorika alikuwa shemeji yangu na alikuwa na haki zote za kunitania. Akipanda gari langu alikuwa akisema Watanzania tunaendesha taratibu ili tuwahi kuchelewa.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Dorika mwenyewe alitaka kuwa nesi, masomo ya sayansi yakamwangusha mara mbili, akaishia kuwa mhudumu wa afya wa vijijini: baiskeli, kisanduku cha chanjo, mzani wa watoto, dawa ya kutia visimani. Kazi hiyo aliifanya kama mtu aliyechaguliwa, si kama mtu aliyekosa nyingine. Na yule daktari kabla ya kuondoka alikuwa amemwambia habari moja iliyomkaa kichwani. Kwamba huko kwenye mtandao kuna hazina ya picha, wahudumu wa afya wa nchi mbalimbali wanatoa picha zao bure, ili mtu anayeandika kitabu cha manesi au anayetengeneza somo la akina mama apate picha za watu wa kweli. Masharti yake ni mawili tu. Aliyepigwa awe amekubali, na maelezo ya picha yaseme kweli.

Basi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Dorika alikuwa akienda bomani, anakaa kwenye kompyuta ya kukodi, anatuma. Picha moja ilimchukua karibu nusu saa. Alikuwa na utaratibu wake ambao mimi niliuona wa kuchosha: anamwomba mtu, anapiga, anamwonyesha kwenye kioo cha kamera, anamsomea maelezo atakayoyaandika, kisha anamwambia, "Sasa kataa kama unataka kukataa." Wengine walikataa. Alifuta palepale mbele yao.

Sasa nije kwa Jailosi Mbewe.

Mkewe, Eneless, alijifungua mtoto njiti wa miezi saba, kilo moja na nusu haifiki. Eneless mwenyewe alitoka damu nyingi akawa hawezi hata kukaa. Nesi akamwambia Jailosi avue shati, akamfunga yule mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akamwambia asimtoe isipokuwa wakati wa kumnyonyesha. Jailosi alikuwa mkulima wa mpunga, mtu mkubwa, mikono kama mbao. Alikaa hivyo siku ishirini na tatu. Wanaume wenzake walikuwa wakija dirishani kumsalimu "mama Mbewe" na kumuuliza kama maziwa yanatosha. Yeye alikuwa akitazama kofia ya mtoto tu, kama mtu anayelinda mshumaa kwenye upepo.

Dorika alimwomba ruhusa Eneless kwanza, pale kitanda cha pili, kisha akamwomba yeye. Jailosi akauliza picha itakwenda wapi.

"Kote," Dorika akasema. "Sitakudanganya, sijui kote itakakofika. Lakini kuna baba mwingine mahali fulani anaogopa kuvua shati."

"Watanicheka na huko?"

"Huenda."

Akafikiri. Akasema basi piga, hapa wameshanicheka bure.

Ile picha ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Mwanga wa dirisha, ule mkono mkubwa umefunika mgongo wote wa mtoto, na pembeni kabisa kiwiko cha Eneless kwenye kitanda cha pili. Dorika akawasomea maelezo: baba akimbeba binti yake njiti kifuani wakati mama anapumzika kitanda cha jirani, wote watatu wanaendelea vizuri. Wakakubali, wakatia dole gumba. Mtoto akaitwa Madalo, akanenepa, wakaenda nyumbani. Picha ikatumika kwenye vitabu vya mafunzo vya nchi ambazo hatukuweza kuzitamka. Dorika aliwachapishia nakala, wakaiweka ukutani.

Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya siku ninayotaka kuisimulia.

Siku hiyo shirika moja, jina lake nitaliacha, lilikuwa linazindua kampeni ya UKIMWI kwenye uwanja wa shule ya Chisoti. Mgeni rasmi anatoka mjini, wafadhili wanatoka ng'ambo. Niliazimwa pamoja na gari nikachukue katoni kumi za mabango bomani alfajiri. Njiani nikaambiwa niache katoni moja kwenye soko la Kaluwa, wenye maduka wabandike mapema. Nikaiacha. Sikufungua, sikutazama. Kwangu mzigo ni mzigo.

Nilifika Chisoti saa tano na robo. Dorika alikuja kunisaidia kupanga, akachana katoni ya kwanza kwa ufunguo wa baiskeli, akatoa bango moja, akalikunjua juu ya boneti. Kisha akaliinamia. Nilikuwa nikiongea naye, nikageuka nami nikatazama.

Alikuwa ni Jailosi. Picha ileile, lakini wameifanya ya giza, na ule upande wenye kiwiko cha Eneless umekatwa. Mkulima aliyekuwa akimtazama mwanawe kwa upole sasa alionekana mtu aliyefiwa. Chini yake, kwa Kichewa, herufi kubwa nyekundu: UKIMWI ULIMCHUKUA MAMA YAKE. USIUACHIE UMCHUKUE NA BABA.

"Eneless ni wa kwaya," Dorika akasema. "Ndiye anayeanzisha nyimbo leo."

Tulitazama uwanjani. Vijana walikuwa wanafunga kamba kwenye jukwaa, na juu ya jukwaa walishatundika kitu kipana, urefu wa wanaume wawili, kimefunikwa shuka jeupe. Hatukuhitaji kuuliza ni nini. Uzinduzi ulikuwa saa nane.

Mratibu wa shirika alikuwa Bwana Kapichi, kijana nadhifu, viatu vinang'aa hata kwenye lile vumbi. Dorika alimwendea na bango mkononi, mimi nikamfuata nyuma kwa hatua chache. Alimweleza kwa utulivu kwamba picha ni yake, mtu huyu anaishi kijiji cha pili kutoka hapa, mkewe yu hai na atakuwa mbele ya jukwaa hili hili.

Kapichi alisikiliza. Nadhani kwa muda mfupi alishtuka kweli. Kisha akasema picha waliitoa mtandaoni, ni ya bure, na aliyelitengeneza bango yuko mjini.

"Ni ya bure, bwana. Lakini ina maelezo yake."

"Mayi Nyasulu, hilo ni bango tu. Ni mfano. Watu wanaelewa kwamba ni mfano."

"Wa Chisoti hawataelewa hivyo. Wanamjua."

Akatazama saa yake. Akasema wageni wako njiani, fremu imetengenezwa kwa hilo bango, hakuna lingine, na baada ya uzinduzi watakaa waone. Dorika akamwomba walau lile kubwa lisifunuliwe. Akasema haiwezekani. Dorika akaomba tena. Hapo Kapichi akashusha sauti, akamsogelea, nami nikasikia kwa sababu nilikuwa nimeshakaribia.

"Nikushauri kama dada yangu. Watu wakikasirika hawatamtafuta mtengeneza bango wa mjini. Watamtafuta aliyeshika kamera."

Dorika alirudi garini akakaa, mlango wazi, miguu nje. Jasho lilikuwa limemtoka puani. Ilikuwa Septemba, jua tayari kali, lakini halikuwa jasho la jua. Akaniambia yule mtu hakukosea. Shirika lingekunja mahema jioni liondoke. Yeye alikuwa na vijiji kumi na moja ambavyo vilimpa nyuso zao kwa sababu walimwamini, na kesho angeingia na baiskeli kwenye vijiji hivyohivyo.

Nitasema ukweli wangu. Nilimshauri aende nyumbani akasema ana malaria. Bango likifunuliwa asiwepo, mengine yatajulikana baadaye. Kwa jinsi alivyonitazama nilitamani niyarudishe maneno. Ndipo nikakumbuka Kaluwa. Nikamwambia kuna katoni nimeshaiacha sokoni.

"Mabango mangapi?"

"Mia moja."

Alifumba macho. Kufika Kaluwa ni karibu saa nzima, kurudi vilevile. Kijiji cha kina Jailosi kilikuwa upande wa pili. Hatukuweza kwenda kote kabla ya saa nane. Nilidhani atachagua soko, nikawasha gari kuelekea huko. Akanishika mkono wa usukani.

"Twende kwa Jailosi, shemeji. Wasije wakaambiwa na ukuta."

Tuliingia tukamkuta Jailosi anapiga pasi shati jeupe kwa ajili ya sherehe, pasi ya mkaa, meza imetandikwa blanketi. Madalo amekaa kizingitini anakula viazi vitamu. Eneless alikuwa chumba cha ndani anafunga sare ya kwaya. Walitukaribisha kwa furaha, wakataka kutupa togwa, na Dorika akasema hapana, na katika desturi za kule kukataa togwa ni kusema una habari mbaya. Jailosi akasimamisha pasi hewani.

Dorika akalikunjua bango juu ya mkeka. Jailosi hasomi vizuri. Alijiona, akatabasamu kidogo. Ni Eneless aliyesoma. Alisoma kimya, midomo inacheza, akafika mwisho, akarudia mwanzo. Kisha akamtazama Dorika.

"Nimekufa lini?"

Eneless akamsomea mumewe kwa sauti, neno kwa neno. Jailosi aliweka pasi chini bila kutazama, akaiweka juu ya shati, na moshi ukaanza kupanda, na hakuna mtu kati yetu aliyenyoosha mkono kuiondoa. Akasimama mlangoni. Mlango wa nyumba ile ni mmoja, na yeye aliujaza wote.

Akamkumbusha Dorika zile siku ishirini na tatu. Akamkumbusha ni akina nani walikuja dirishani na walisema nini. Alikubali, akasema, kwa sababu mhudumu mwenyewe alimwambia kuna baba mwingine mahali fulani. Sasa baba huyo amejifunza nini? Kwamba Jailosi Mbewe ameua mke wake?

"Umeniuza," akasema.

"Sikuuza, Bambo Mbewe. Sijapata hata kwacha moja."

"Basi umenitoa bure. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Nilikuwa najipima kama nitaweza kumsukuma. Nisingeweza. Dorika alikuwa amepiga magoti mkekani, hakuinuka. Alisema maneno kwenye bango si yake, na wao wanakumbuka aliyoyaandika, walitia dole. Lakini picha imetoka kwa mkono wake, na hilo hawezi kumsukumia mtu mwingine. Akawaambia lipo lingine kubwa uwanjani, na mratibu amekataa kulishusha. "Saa nane watalifunua. Nimekuja mseme nyinyi tufanye nini. Mkisema tusiende, hatuendi."

Madalo aliingia akapita kati ya miguu ya baba yake, akaenda kuketi juu ya bango, juu ya uso wake mwenyewe wa uchanga, akaendelea na kiazi chake.

Eneless ndiye aliyeondoa pasi. Shati lilikuwa na tundu la umbo la pasi mgongoni. Akalikunja, akamtafutia mumewe lingine, akamalizia kufunga kilemba cha kwaya.

"Mimi nataka kuonekana," akasema. "Twendeni."

Njia nzima Jailosi alikaa nyuma na mtoto. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa ameshika mundu wa kuvunia mpunga, sikujua aliuchukua saa ngapi. Nilitaka kumwambia Dorika, kisha nikaogopa kwamba nikisema, kitu chenyewe kitaanza.

Tulifika saa saba na nusu. Uwanja ulikuwa umejaa. Magari ya wageni yalikuwa yameshafika, na askari wawili wa mgeni rasmi walisimama pembeni mwa jukwaa. Dorika hakwenda kwa Kapichi tena. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Chifu Mwanjasi, mama wa makamo aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha safari kando ya wageni, akapiga magoti, akaeleza. Watu wa mstari wa mbele wakaanza kunyoosha shingo. Kapichi akaja mbio mbio huku akitabasamu, akasema ni jambo dogo la kiofisi.

Chifu akamtazama Eneless aliyesimama na sare yake ya kwaya.

"Huyu ndiye marehemu?"

Wanawake wa kwaya wakacheka. Kisha mmoja akauliza marehemu gani, bango likapita mkono kwa mkono, na kicheko kikaisha. Mmoja wao, mama Sellina, mfupi, muuza maharage, akasimama. Sitamsahau. Alisema yeye anameza dawa za virusi mwaka wa nane sasa, kila mtu hapa anajua, na kila mwaka shirika linakuja na bango la kumzika. "Leo mmemzika na ambaye hata hajaugua. Mnatutaka tupime tukifikiri nini? Kwamba mkituona tu mnachimba?"

Chifu akasema kwa sauti ya chini kwamba lile shuka halitafunuliwa kwenye ardhi yake. Kapichi akaanza kueleza habari za mgeni rasmi, ratiba na ripoti. Wakati anaeleza, nikageuka kumtafuta Jailosi. Hakuwepo pale aliposimama.

Alikuwa juu ya jukwaa.

Alishapanda kwa nyuma. Alikata kamba ya kwanza kwa mundu, upande mmoja wa fremu ukainama. Watu wakapiga kelele. Wale waliokuwa mbali hawakujua lolote. Walichokiona ni mwanamume mkubwa mwenye kisu kilichopinda, hatua chache kutoka alipoketi mgeni rasmi. Askari wawili wakaruka juu. Mmoja akamkamata mkono wenye mundu, mwingine akainua rungu. Jailosi hakupigana, lakini hakuuachia mundu pia, na alikuwa na nguvu kiasi kwamba yule askari alikuwa ananing'inia tu.

Sikumwona Dorika akiondoka. Nilimwona ameshafika katikati yao, mwanamke wa kimo cha bega lao, mgongo wake kwenye kifua cha Jailosi, rungu liko juu ya kichwa chake. Hakupaza sauti. Alishika pembe ya shuka akaivuta, kiasi cha uso mmoja na maneno ya chini yake kuonekana.

"Afande, mtazame uso," akasema. "Kisha mtazame huyu."

Yule mwenye rungu alitazama kitambaa. Akamtazama Jailosi. Akatazama tena. Akasoma maandishi, pole pole, na Dorika akamwonyesha kwa kidole Eneless pale chini na mtoto mgongoni. Nilisikia kamba iliyokatika inavyogonga nguzo.

"Shusha rungu," yule askari mwingine akasema. Lakini mwenzake alikuwa ameshashusha. Aliyekuwa amemshika Jailosi mkono akauachia, akasema:

"Kata na hiyo ya pili, mzee. Ila mundu unipe ukimaliza."

Jailosi akakata. Bango likaanguka likiwa bado limefunikwa, na wanaume wanne wakalikunja kama mkeka wakalipakia kwenye gari langu. Uzinduzi ukafanyika mbele ya fremu tupu. Mgeni rasmi alisema maneno machache, ya kutosha. Kwaya ikaimba, Eneless akaanzisha, na sauti yake ilitetemeka ubeti wa kwanza tu.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, mimi na Dorika tulikuwa Kaluwa tunabandua. Kinyozi alikuwa nalo, mashine ya kusaga ilikuwa na matatu, bucha mawili. Mwanafunzi mmoja ameshajaladia daftari. Mama mmoja alikuwa anafungia maandazi, uso wa Jailosi umelowa mafuta. Tulipata sabini na moja. Ishirini na tisa hatukuyapata, na hayajapatikana mpaka leo.

Siku ya tatu mama mzazi wa Eneless alifika. Alikuwa ametoka wilaya nyingine, abiria wa basi amemwambia ameona bango la mkwewe amefiwa na mke. Alitembea kutoka njia panda na wanawake wanne, chitenje kichwani, wanalia kwa sauti kama wanavyolia wafiwa wakikaribia kijiji. Eneless alikuwa anatwanga. Alisikia kilio, akaacha mchi, akatoka mbio kumuuliza mama yake nani amekufa. Yule bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa masikio na shingo. Kisha akampiga kofi. Kisha akakaa chini palepale njiani akashindwa kuinuka.

Shirika liliandika barua ya kuomba radhi, karatasi nzuri, jina la Jailosi limekosewa. Mabango yalichomwa nyuma ya zahanati mbele ya chifu. Kapichi alihamishiwa kwingine. Dorika aliandikiwa na wakubwa wake barua ya onyo kwa kuvuruga shughuli mbele ya mgeni wa serikali, nayo imo kwenye faili lake hadi sasa. Watunzaji wa ile hazina ya picha aliwaandikia kurasa nne. Walimjibu kesho yake, wakaiondoa picha, wakawaandikia wote waliowahi kuichukua. Na kuanzia hapo, mtu akitaka picha ya mgonjwa yeyote aliyoipiga Dorika, lazima kwanza aandike anaitumia wapi na ataweka maneno gani, na Dorika mwenyewe anasoma.

Kwa hiyo picha nzuri kuliko zote alizopiga haipo tena. Jailosi aliomba ifutwe kila mahali, ikafutwa, na ile ya ukutani aliishusha.

Alikaa mwaka na miezi miwili bila kumsalimu Dorika. Dorika akija kupima watoto, Eneless anampeleka Madalo, Jailosi anashika jembe anaelekea shamba. Na Dorika hakugusa kamera muda wote huo. Wengine vijijini walimlaumu, kama Kapichi alivyotabiri, lakini si wengi, na mama Sellina alikuwa anawajibu kwa niaba yake kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Kisha akazaliwa njiti mwingine pale Chisoti, na baba yake, kijana wa miaka ishirini, akakataa kuvua shati. Nesi alibembeleza, Dorika akabembeleza, kijana akakaa nje amekunja mikono. Nesi akanituma nimlete Jailosi. Nilidhani atakataa. Alinawa matope miguuni, akapanda gari. Alipofika hakumhutubia yule kijana. Alivua shati lake, akampokea mtoto kutoka kwa nesi, akamweka kifuani, akakaa naye kama robo saa. Kisha akamwambia kijana, "Njoo nikufunge. Kitambaa kikilegea anapoa." Kijana akaja.

Wakati wa kutoka alipita alipokuwa Dorika, akasimama.

"Hukupiga," akasema.

"Sikukuomba."

Akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza baiskeli yake imepona breki, Dorika akasema bado, Jailosi akasema ailete Jumapili.

Siku hizi Dorika amehamishiwa milimani, vijiji visivyo na barabara, na huko ameanza tena kupiga na kutuma. Mwezi uliopita nilimpelekea betri nikamkuta kwenye kisima kilichokuwa kinatengenezwa, wanawake saba wamejipaka grisi hadi viwikoni. Alipiga, akawaonyesha, akawasomea: wanawake maskini wa kijiji wakitengeneza kisima chao. Bibi mmoja mwenye spana akamwambia arudie hapo mwanzo. Akarudia.

"Maskini umemwona wapi?" bibi akasema. "Andika kamati ya maji."

Dorika akakata lile neno, akaandika kamati ya maji, akawasomea tena tangu mwanzo.